Magnolia ya Baba Ilikufa Ikiwa ya Kijani

Jumapili jioni, Nagongera. Februari inakwisha na joto halijapungua. Mchana mawingu yalikuja upande wa Tororo, yakasimama juu yetu kama yanayotaka kusema kitu, halafu yakaenda zake bila kuacha tone.

Sijaandika hapa muda mrefu. Kila nilipofungua ukurasa huu nilikuwa na mambo yaleyale: Baba ameamka, Baba amekula, Baba hakula. Nani asome hayo? Mimi mwenyewe nisingesoma. Lakini leo limetokea jambo na sina mtu wa kumwambia, kwa hiyo naliweka hapa.

Baba ameugusa mti.

Kwa aliyepita hapa kwa bahati tu: naitwa Athieno. Nilikuwa fundi cherehani Busia, upande wetu wa Uganda, nikishona sare za shule za watoto wa pande zote mbili za mpaka. Baba alipoanza kupoteza macho nilifunga kibanda nikaja nyumbani, nikasema nitakaa mpaka afanyiwe upasuaji. Upasuaji ukafanyika. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba huenda macho yasirudi, ila sisi tulisikia tulichotaka kusikia. Hayakurudi. Na mimi sikurudi Busia. Cherehani yangu iko kwenye kona ya sebule, nimeifunika shuka, na siku hizi tunaiwekea vikombe juu.

Sasa mti.

Ni magnolia. Jina hilo nimelijua ukubwani, kwenye simu. Nyumbani tuliuita mti wa stesheni, kwa sababu Baba aliutoa kwenye bustani ya nyumba moja ya wakubwa wa reli kule Tororo. Ujana wake wote aliufanyia kazi reli, akipeperusha bendera na kufungua njia. Ile nyumba ilikuwa na magnolia kubwa mbele, imepandwa na watu wa zamani ambao hata yeye hakuwajua. Mama, kabla hajawa mama yetu, alikuwa akipeleka maziwa pale kila asubuhi. Siku moja Baba alipanda juu akamchumia ua.

Ua la magnolia ni kubwa kama sahani, jeupe, linanuka kama ndimu iliyochanganywa na kitu kitamu. Lakini halitaki kushikwa. Popote unapoligusa panageuka hudhurungi. Mama alilibeba mkononi kwa mguu hadi kwao Kirewa, na alipofika lilikuwa limegeuka hudhurungi kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Maisha yao yote alimcheka kwa hilo. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu mwanaume alimtongoza kwa ua lililooza njiani. Baba alikuwa anatazama chini, anatabasamu.

Walipowastaafisha watu wa reli na ile nyumba ikawa inabomolewa, Baba alirudi na mche. Sisi tulikuwa watoto, mimi na kaka yangu Opendi. Tulitegemea ameleta kitu cha maana kutoka mjini. Akaupanda mbele ya nyumba, upande wa chini ambako maji ya mvua hupita.

Majirani waliuliza mti huu unazaa nini. Hauzai kitu cha kula. Kuni zake? Hakukuwa na wa kuukata. Unatupa majani mwaka mzima, majani magumu kama ngozi ya kiatu, juu yanang'aa kama yamepakwa mafuta, chini yana rangi ya kutu na ni laini ukiyapitisha shavuni. Hayaozi haraka. Baba aliyafagia mwenyewe kila siku, hakumruhusu mtu mwingine. Waliomuuliza aliwajibu jibu moja: ni wa kuangalia.

Miaka mingi ilipita kabla haujatoa ua. Mama aliwahi kuyaona maua yake. Hakuchuma hata moja. Alikuwa anasogeza kiti chake pale jioni na kusubiri harufu ishuke.

Mama tulimlaza nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Baada ya hapo Baba alizidi kuzungumza na ule mti. Sisemi alizungumza kwa sauti. Alikuwa anasimama tu pale, mikono nyuma, muda mrefu, kama mtu anayesubiri treni.

Halafu macho yakaanza kwenda.

Choo chetu cha zamani kilikuwa mbali, kupita zizi la mbuzi. Asubuhi moja yenye umande Baba aliteleza akienda huko, akaanguka juu ya jiwe. Nilimkuta amekaa chini, uso umejaa damu, anajaribu kuniambia kwamba ni kidogo. Opendi anaishi Busia, anasafirisha mahindi kuvuka mpaka, na alifika siku hiyohiyo. Aliingia chumbani, akaona bandeji usoni mwa Baba, akatoka nje. Nilimsikia akipiga ukuta wa jiko kwa kiganja.

Akaamua kujenga choo cha ndani. Nani angempinga? Alikuja na saruji na wachimbaji wakati mimi na Baba tulipokuwa hospitali Tororo kwa ajili ya upasuaji. Shimo lilihitaji mahali. Nyuma ya nyumba kuna Mama. Upande wa kulia kuna kisima cha jirani. Upande wa kushoto ni mwamba, sululu inarudi mikononi. Ulibaki upande wa chini, mbele. Wakachimba karibu kabisa na magnolia, na mizizi waliyokutana nayo wakaikata.

Tuliporudi, shimo lilikuwa limeshafunikwa kwa zege. Opendi alinivuta pembeni. Akaniomba nisimwambie Baba shimo liko wapi mpaka apate nguvu. Kama akiuliza, niseme liko nyuma, mbali na kaburi la Mama. Niliutazama mti. Ulikuwa umesimama vilevile, majani yanang'aa. Nikaona hakuna kilichoharibika. Nikakubali.

Mti huu una tabia mbaya moja. Unakufa ukiwa wa kijani.

Mmea wa mahindi ukiudhuru, kesho unaona. Mgomba unainama. Magnolia haikuonyeshi. Majani yake yanabaki juu, magumu, yana rangi yake, na wewe unapita chini yake unasema heri, umepona. Kumbe huko chini hakuna kinachopanda tena. Niligundua siku nilipoona majani yamefifia, hayang'ai, kama sahani iliyooshwa bila sabuni. Baadaye ncha zikawa za hudhurungi. Baadaye tawi zima la upande wa shimo.

Nilichimba kidogo kando ya zege nione. Ile mizizi iliyokatwa ni minene kama mihogo, na bado ilikuwa na harufu nzuri. Mchwa walikuwa wameshaingia.

Nimefanya kila kitu nilichoweza kufikiria. Nimeumwagia maji ya kuogea ya Baba. Nimetandaza nyasi. Nimefunga gunia kukinga jua la saa nane. Nimewaua mchwa, wakarudi, nimewaua tena. Sokoni nilimwendea muuza miche, akaniuliza ni mti gani, nikamwonyesha picha, akasema hajawahi kuuona maishani mwake, kisha akaniuzia mbolea. Nikaweka mbolea. Majani yakazidi kuanguka.

Na kila asubuhi, nikimpelekea Baba maji ya kunawa, ananiuliza kwa Kidhopadhola, lugha yetu, mti umeamkaje. Anauliza kama mtu anayeulizia ndugu aliyelazwa.

Mwanzoni nilisema uko vizuri, na kwa macho yangu ulikuwa vizuri. Nilipoona hauko vizuri nikaendelea kusema uko vizuri. Siku moja alikuwa amekataa uji, amegeukia ukutani, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia umetoa jani jipya. Akageuka. Akaniuliza jani lina ukubwa gani. Akamaliza uji.

Basi nikapata dawa. Akikataa chakula, natoa jani.

Ule mti, kwa maneno yangu, umekuwa msitu. Na wiki iliyopita, alipokuwa na homa na mimi nikaogopa kweli, nilimwambia nimeona tumba la ua. Aliuliza liko upande gani. Nikasema upande wa barabarani. Akanishika mkono akaniambia likifunguka nimpeleke, asilishike, anuse tu.

Nilitoka nikakaa jikoni. Sikulia. Nilikuwa nahesabu uongo utakaofuata: ndege wameliangusha, upepo umelitupa.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeanza kusema. Kuna asubuhi naamka na jambo la kwanza ninalosikiliza ni kama anapumua, na sijui ninataka kusikia nini. Nampenda Baba yangu. Lakini Busia nilikuwa na kibanda, na nilikuwa na Barasa, mwenye duka la spea za pikipiki upande wa Kenya, ambaye alikuwa anavuka kila Jumamosi kuja kuniona na kula nami samaki. Alikuja hapa Nagongera mara chache, akaketi na Baba, wakazungumza vizuri. Halafu akapunguza. Sasa hivi hanitumii hata habari za asubuhi. Simlaumu. Nilimwambia nitarudi baada ya upasuaji, na upasuaji umepita.

Leo, basi.

Sikwenda kanisani. Baba alikuwa na nafuu, akataka kukaa barazani. Nilimtolea kiti, nikakaa chini kwenye mkeka nikichambua maharage. Kulikuwa na upepo kidogo. Alikuwa anasikiliza nyimbo kutoka kanisani na kugonga gonga kidole gotini. Kwa muda mfupi nilikuwa nimetulia, nilisahau.

Watu wakaanza kutoka kanisani. Jirani yetu Mama Odoi akapita, akasimama kwenye uzio wa miti kutusalimu, kama kawaida yake. Ni mwanamke mwema. Alimuuliza Baba habari za mwili, akamwambia padri amemwombea. Halafu, akiwa ameshageuka kwenda, akampa pole kwa ajili ya mti. Akasema ulikuwa ukipendeza sana, na kwamba sasa ukipita njiani unaona matawi makavu tu.

Baba akauliza mti gani.

Nilijibu kabla Mama Odoi hajafungua kinywa. Nikasema mpapai, Baba, mpapai wa nyuma umeanguka. Mama Odoi alinitazama. Akaelewa kuna kitu, akasema ndiyo, mpapai, akaondoka haraka.

Baba alisubiri hadi sauti ya ndara za Mama Odoi ilipopotea. Kisha akanyoosha mkono akaniambia nimpe fimbo.

Nilimwambia jua ni kali. Nilimwambia chini pana mawe, tungoje jioni. Alikuwa ameshasimama. Nilitaka kumshika mkono, akautoa, si kwa hasira, aliutoa tu kama mtu anayeondoa nguo iliyonasa kwenye mwiba.

Alipita akishika ukuta wa baraza mpaka ukaisha, halafu akakata uwanja. Anaijua ile njia. Majani makavu yalianza kulia chini ya miguu yake, na hilo halikumsumbua, majani ya magnolia siku zote yanalia. Akafika kwenye shina. Akaliwekea kiganja. Akapandisha mkono polepole mpaka kwenye tawi la chini, akafuata tawi hadi kwenye kijiti chembamba, akakikunja.

Kilivunjika. Kilitoa sauti kama ya kiberiti.

Akakivunja kingine. Akashika jani, likabaki mkononi. Akalikunja, likavunjika kama chapati iliyokaa. Kisha akakwaruza ganda la shina kwa ukucha wa dole gumba, akanusa ukucha wake.

Mimi nilikuwa nyuma yake na bakuli la maharage bado mkononi. Sijui kwa nini sikuliweka chini.

Akarudi hatua ili ageuke, na fimbo yake ikagonga zege. Akasimama. Akagonga tena. Ukigonga pale unasikia kwamba chini ni wazi. Akatembeza fimbo akifuata ukingo wa mfuniko, wote, hadi akarudi pale alipoanzia, na hapo alikuwa karibu kabisa na shina.

Nyumbani tunazungumza Kidhopadhola. Lakini Baba akiumia sana au akikasirika sana huacha lugha yetu na kushika Kiswahili chake cha reli. Tangu tukiwa watoto tulikiogopa kile Kiswahili.

"Nani alichimba hapa?"

"Opendi, Baba. Ni shimo la choo."

"Saa ngapi?"

Alimaanisha lini. Nikamwambia ni wakati alipokuwa hospitali.

Nilidhani angeuliza kuhusu Opendi. Hakuuliza.

"Na ile maua?"

Aligeuza uso wake pale niliposimama, na akanikosa kidogo, akawa anatazama bega langu.

"Athieno. Ile maua."

"Hakuna, Baba. Halikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa. Akaweka fimbo chini ya kwapa, akapangusa mikono yake kwa kanzu aliyovaa, mkono mmoja, kisha wa pili, kama anavyofanya mtu aliyemaliza kazi shambani. Halafu akasema maneno ambayo yamekaa nami siku nzima, na bado yapo hapa ninapoandika.

"Mngeniuliza tu. Mimi ningesema chimba."

Akarudi ndani mwenyewe.

Ningesema chimba. Ndiyo, angesema. Sasa naona angesema bila hata kufikiri, kwa sababu ni mtu wa kazi, anajua shimo linahitaji mahali, na anajua Opendi alifanya kwa ajili yake. Pengine angetuelekeza mizizi mikubwa inapita wapi, tuikwepe. Pengine mti ungepona. Pengine usingepona, na angekaa nao hadi mwisho, akiujua mwisho wake, kama alivyokaa na Mama. Sisi tulimwondolea hayo yote. Tulimwona haoni, tukamhesabu kama asiyekuwepo.

Na mimi nilikuwepo zaidi ya Opendi. Opendi alikata mizizi siku moja akaenda. Mimi nilikuwa hapa kila asubuhi na majani yangu mapya.

Nilimpigia Opendi. Alikuja alasiri kwa gari lake la kubebea mahindi, amenunua samaki, ngege wakubwa, wabichi, ambao Baba anawapenda. Kabla ya kuingia ndani alikwenda kusimama pale kwenye mti. Kaka yangu ni mtu mkubwa, ana sauti ya kuwaamrisha madereva. Alisimama pale kama anayengoja kuitwa ofisini.

Nikamwambia Baba alivyosema. Hakujitetea kama nilivyotarajia. Alifuta uso kwa mkono.

"Dada, mimi siku ile niliona damu tu," alisema. "Sikuona mti."

Nilitaka kumchukia. Sikuweza. Mimi ndiye niliyeifuta ile damu, najua ilivyokuwa.

Aliingia, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Baba alikuwa amelala ameugeukia ukuta. Opendi akamwomba radhi kwa Kidhopadhola, taratibu, kwa maneno ambayo sijamsikia akiyatumia tangu utoto. Akasema atatafuta mche mwingine, hata kama ni kwenda Eldoret au Kampala, ataupata, ataupanda palepale. Baba akamuuliza safari ilikuwaje. Akamuuliza kama mpakani kuna foleni ya malori. Halafu akamshukuru kwa samaki.

Alimshukuru vizuri kabisa, kama unavyomshukuru mgeni.

Opendi alitoka na viatu mkononi. Alivivaa akiwa garini. Aliniambia atapiga simu.

Ngege niliwapika. Baba hakula. Nikampikia uji, hakuugusa. Hakuwa mkali. Alisema asante, baadaye. Sikuwa na jani la kumpa safari hii.

Jua lilipopoa nilirudi kwenye mti. Nilikuwa nimeamua kuukata matawi makavu, angalau wapita njia waache kutupa pole. Nilikwaruza tawi moja moja kwa kisu. Kavu, kavu, kavu. Kwenye upande ulio mbali na shimo, chini kabisa, kuna tawi dogo lenye majani machache. Nilipolikwaruza chini ya ganda palikuwa na kijani. Kijani hafifu, kama cha ganda la njegere iliyokaa, lakini kijani.

Najua kuna namna ya kupata mche kutoka tawini bila kulikata. Unamenya ganda kulizunguka tawi, pete nzima, unaweka udongo wenye unyevu pale ulipomenya, unafunga, unaulowesha kila mara, na baada ya miezi mizizi inatokea humo ndani. Ndipo unakata na kupanda. Nimewahi kuona watu wakifanya hivyo kwa milimau. Sijawahi kufanya mwenyewe.

Nilifanya. Kisu changu ni cha jikoni, nilimenya vibaya, sehemu moja niliingia hadi kwenye mti wenyewe. Nikakanda udongo wa kisimani, nikauzungusha, nikakata kipande cha gunia nikafunga kwa kamba ya katani. Ilikuwa kama kidonda kilichofungwa na mlevi.

Niliingia kumwambia. Sikutaka chochote, nilitaka tu kwamba safari hii ajue jambo siku lilipofanyika. Nikasimama mlangoni nikamwambia kuna tawi moja lililo hai, upande wa Mama Odoi, na nimelifunga.

Nikadhani amelala.

"Umefunga na nini?"

"Gunia, Baba."

Alivuta pumzi.

"Gunia itakauka. Tafuta nailoni." Na baada ya kitambo, bila kugeuka: "Lakini haitashika, nyara. Mti ikiwa mgonjwa haina nguvu ya kutoa mizizi."

Kwetu nyara maana yake ni binti yangu. Ndilo neno pekee la lugha yetu alilolitumia leo akizungumza nami, na alilitia katikati ya kile Kiswahili chake. Sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyo. Huenda lilimponyoka tu.

Nikamwambia nimeelewa. Nikabaki mlangoni, nikingoja kama angesema kingine.

Nilitafuta mfuko wa nailoni jikoni, wa sukari, nikaufua, nikaenda kulifungua gunia kabla giza halijaingia. Udongo ulikuwa umeshaanza kupasuka, alikuwa sahihi. Nikaulowesha upya, nikazungusha nailoni, nikafunga juu na chini kwa nguvu. Safari hii ilikaa vizuri. Jani moja lilianguka nikiwa bado nimelishika tawi.

Haitashika. Yeye anajua miti, na mimi nimesoma kwenye simu yaleyale aliyoniambia. Mti unaokufa haulei mtoto. Ikifika mvua, kama itafika, Opendi atatuma mtu na shoka, na mbele ya nyumba patakuwa na mfuniko wa zege na jua. Baba hatauona mche mwingine wa Eldoret ukichanua. Hata angekuwa na macho asingeuona, miaka haimtoshi. Na mimi? Nikiwa hapa wakati huo ukichanua, itamaanisha nini kuhusu maisha yangu? Na nisipokuwa hapa, itamaanisha nini?

Giza limeshaingia.

Uji wake uko mezani, umeshashika utando. Nitaupasha moto nimpelekee. Akiukataa nitakaa naye hivyohivyo, kwenye ule ukingo wa kitanda. Sina jambo zuri la kumwambia. La uongo sitamwambia tena, hata kama bila hilo hatakula.